Wasia wa Sukari: Waraka kwa Shangazi kutoka Kentucky

Kwako Shangazi mwenye heshima na taadhima, na kwa jamaa wote wa nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mzima wa afya, sina la kushitaki ila baridi, na habari za baridi nilikwisha kuzieleza katika nyaraka zilizotangulia hata ukaniamuru nizikomeshe, kwa hiyo nazikomesha. Uliniuliza kama Wamarekani, ambao hapo nyumbani husifiwa kwamba kila wakilacho hutoka kiwandani kimefungwa karatasi, hupika kitu chochote kwa mikono yao kwa ajili ya Krismasi, au sikukuu nayo huinunua dukani ikiwa tayari. Nimeona nikujibu kwa maandishi wala si kwa simu, maana simu yetu ina ada ya kukatika kila mazungumzo yafikapo penye kipimo cha sukari, na jambo nitakalo kukusimulia ni sukari mwanzo wake na sukari mwisho wake.

Jawabu ni kwamba wanapika, tena wapikacho ni peremende. Watu ambao tangu Januari hata Novemba hawakumbuki jiko lao huwashwa kwa kitufe kipi, ifikapo wiki ya kwanza ya Disemba hutoa sufuria nzito zilizokuwa nyuma ya makabati, wakanunua sukari kwa mifuko, siagi kwa ratili, malai kwa chupa na njugu za pekani kwa bei ya kuliza, kisha wakajifungia jikoni hata majirani wakadhani wamehama. Peremende za namna hiyo hiyo zimejaa madukani, nzuri kwa sura na nafuu kwa thamani. Lakini ukimwambia mtu wa huku maneno hayo hukutazama kama uliyemshauri amuuze mamaye kwa kuwa sokoni wapo mama wa bei rahisi. Nami, kwa kuishi nao na kula kwao, nimefikia kuamini neno moja: nchi hii, ambayo marais wake hutukanwa hadharani, mahakimu wake hukatiwa rufani, na wazazi walio hai hujibiwa na watoto wao wapendavyo, inayo mamlaka moja tu isiyopingwa na mtu yeyote, nayo ni mamlaka ya nyanya aliyekufa akaacha kadi ya upishi.

Kadi hizo ni vipande vya karatasi ngumu, inchi 3 kwa 5, navyo huhifadhiwa katika mkebe mdogo wa bati au wa mbao. Bi Mkubwa mwenye nyumba ninamopanga, mjane mwenye adabu na kauli laini, anao mkebe wa aina hiyo aliourithi kwa mamaye, aliyeurithi kwa mamaye, na siku aliyonionyesha alinawa mikono kwanza. Nilitazamia kuona mizani na vipimo vya hakika, madhali hili ndilo taifa lililopeleka watu mwezini, kumbe imeandikwa, kwa hati nzuri ya kalamu ya wino, “siagi kiasi cha kokwa moja la jozi,” na “moto wa wastani,” na “pika hata iwe tayari.” Jozi ya ukubwa gani, Shangazi, haikusemwa. Moto wa wastani wa jiko lipi, haikusemwa, ilhali marehemu aliandika hayo alipokuwa akipikia kuni, na binti za Bi Mkubwa leo wanapikia umeme. Ama hilo “tayari,” limekwisha kufasiriwa kwa njia nyingi hata limekuwa elimu yenye wanazuoni wake. Na pembezoni mwa kadi mna madoa ya mafuta na chokoleti, ambayo nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya maandiko: binti mkubwa anashikilia kwamba doa lililoangukia tarakimu iliyo kando ya neno la malai lilifunika 2, mdogo wake anashikilia kwamba lilifunika 3, na ugomvi huo umenizidi umri.

Nyumba ina madhehebu mawili. Kwanza ni watu wa kipimajoto, na kiongozi wao ni huyo binti mkubwa, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hupenda kila jambo liwe na namba. Pili ni watu wa maji baridi, na kiongozi wao ni Bi Mkubwa mwenyewe, akiandamwa na binti mdogo kwa utii usio na maswali. Elimu inayowafarikisha ni hii. Shira ya sukari kadiri ichemkavyo hupungukiwa na maji, na kadiri maji yapunguavyo ndivyo joto lake lipandavyo, hata joto likawa ni ushahidi wa maji yaliyosalia. Ikifika nyuzi 235 hivi za Fahrenheit, ambazo kwa hesabu yetu ya Selsiasi ni 113, tone lake likitiwa katika kikombe cha maji baridi huwa donge laini linalobonyea kwa kidole. Ikifika 250 donge hilo huwa na ukaidi. Na ikifika 300, yaani 149 za kwetu, tone huwa uzi mkavu unaokatika kwa mlio, na hapo ndipo ipikwapo kashata yao ya njugu, ambayo mwishoni hutiwa soda ya kupikia ikafura mapovu ndani kwa ndani, na kwa hiyo ni nyepesi na huvunjika kwa wepesi kuliko yako, ingawa kwa ladha haijafika kizingitini pako. Basi binti mkubwa hutumbukiza kipimajoto akasoma namba kwa sauti. Mamaye hudondosha tone kikombeni, akalikusanya kwa ncha za vidole viwili, akafumba macho. Kila mmoja humwonea mwenziwe huruma.

Hoja yao ilipata hukumu kutoka mbali. Mtoto wa kiume wa Bi Mkubwa alihamia Denver, mji ulioinuka futi 5,280 juu ya bahari, akapika kwa kadi ile ile na kwa kipimajoto cha aina ile ile, akapata matofali. Binti mkubwa alilichunguza jambo hilo kwa makini, akaeleza kwamba kwa wembamba wa hewa ya kule maji huchemka kwenye nyuzi 203 hivi badala ya 212, na kwamba kila futi 500 za kimo hudai uzi mmoja upunguzwe katika kipimo cha peremende. Akayapanga yote katika jedwali na kumpelekea nduguye. Bi Mkubwa alimsikiliza kwa upole hata akamaliza, kisha akauliza kama kikombe cha maji baridi nacho kilihitaji jedwali. Hakikuhitaji, maana donge laini ni donge laini, pwani na mlimani. Tangu siku ile kipimajoto kingali kikitumika, lakini hutumika kwa unyenyekevu.

Malkia wa peremende hizi ni faji, yaani sukari na maziwa au malai, siagi na chokoleti, zilizopikwa zikagandishwa na kukatwa vipande vya mraba. Wenyewe huisimulia kana kwamba ilishuka pamoja na mababu waliovuka bahari, walakini asili yake si ya zamani hivyo. Kwa ushahidi wa waraka wa Emelyn Hartridge, ulioandikwa mwaka 1921, binamu wa mwanafunzi mwenziwe aliipika katika mji wa Baltimore mwaka 1886, ikauzwa kwa senti 40 kila ratili. Hartridge akaupata upishi huo, na mwaka 1888, akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Vassar, akapika ratili 30 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi. Alhasili, sheria hii inayoogopwa na watu wazima wenye mvi ilienezwa na wasichana wa chuo waliotamani kitu kitamu, na ni faraja kujua kwamba hao marehemu wetu wenye amri kali nao waliwahi kuwa na miaka ishirini.

Katika upishi wa faji kuna saa ambayo mwiko huharimishwa. Chembe moja ya sukari iliyonata ubavuni mwa sufuria, ikiangukia ndani wakati usio wake, huwaita jamaa zake wote, na chungu kizima kikageuka mchanga. Kwa sababu hiyo kuta za sufuria hupanguswa kwa brashi yenye maji, shira ikiisha kupikwa huachwa ipoe bila kuguswa hata ishuke kwenye nyuzi 110 za Fahrenheit, na watu wa nyumba hiyo hutembea kwa ncha za vidole, wasifunge mlango kwa kishindo wala wasipige chafya karibu na jiko. Kisha marufuku huondoka, na ile iliyokuwa dhambi huwa faradhi: hupigwa kwa mwiko kwa nguvu zote, bila kupumzika, hata mng’aro wake ufifie, ili chembe zizaliwe nyingi kwa mara moja, kila moja ibaki ndogo, na ulimi usizitambue. Wengine hujikinga kwa kutia shira ya mahindi, ambayo imeuzwa hapa kwa jina la Karo tangu mwaka 1902, au kwa ule unga mkali utokanao na masimbi ya mapipa ya mvinyo. Binti mkubwa alinieleza kemia yake kwa muda wa nusu saa, jinsi tindikali iivunjavyo sukari isiweze kushikamana tena, nami nikastahi kumwambia kwamba Shangazi yangu, ambaye hakusoma kemia, hukamulia ndimu katika shira ya kaimati, na akiulizwa sababu hujibu kwa neno moja: “Isigeuke.”

Usidhani kwamba madhehebu haya mawili yameachwa kwa amani. Wapo na watu wa bidaa, na wa nyumba hii ni mkwe, mume wa binti mdogo, ambaye hupika faji isiyohitaji kipimajoto wala kikombe wala kumbukumbu ya marehemu yeyote. Upishi wake ni ule uliosifika kwa jina la Mamie Eisenhower, mke wa Rais Dwight Eisenhower, nao huitwa faji ya dola milioni: vikombe vinne na nusu vya sukari, maziwa mazito ya kopo, chokoleti kwa wingi usio na haya, na mashimalo laini ya chupa, yaani povu tamu la sukari, ambayo huzuia mchanga kwa nguvu zake yenyewe, mpishi awe hodari au awe amelala. Haikosei kamwe, na hilo ndilo kosa lake. Bi Mkubwa huionja kila mwaka kwa adabu, akasema ni tamu sana kwa kitu kisichokuwa faji. Mimi nikiulizwa ni wa upande gani, hujibu kwamba mimi ni mpangaji.

Fauka ya hayo ipo iitwayo diviniti, ambayo ni ute wa mayai uliopigwa hata ukasimama, ukamiminiwa shira ya moto kwa uzi mwembamba huku ukiendelea kupigwa, hata ukawa mweupe na mwepesi wa kupeperuka. Hii haipikwi siku ya mvua wala siku yenye umande hewani, kwa kuwa sukari hunywa maji ya hewa, na diviniti iliyokunywa hewa haishiki kabisa, hubaki ikinata vidoleni. Kwa hiyo alfajiri Bi Mkubwa hutoka barazani na shuka mabegani, akanusa huku na huku, akashika kamba ya kuanikia nguo kwa vidole, akarudi ndani na kutoa hukumu, na wote wakatii; kuna mwaka mvua ilinyesha siku tano mfululizo, na nyumba nzima ikawa katika hali ya eda. Nilipowaambia kwamba Mombasa, katika msimu wa kaskazi, chumvi yenyewe hulowa ndani ya kikebe, na kwamba huko diviniti isingeshika hata siku ya Kiyama, walinyamaza kidogo, kisha wakanipa pole.

Lakini fahari ya Kentucky khasa, ambayo majimbo mengine hayaijui au huijua kwa kusikia tu, ni peremende ya malai ya kuvutwa. Kazi hii hudai ubao wa marumaru, na wa Bi Mkubwa ulikuwa juu ya meza ya kuvalia ya nyanya yake kabla haujapandishwa cheo. Ubao huo umetajwa katika wasia wake. Nyumba imegawanywa sawa kwa watoto watatu, gari limekwisha kupata mwenyewe, lakini marumaru haigawanyiki bila kuvunjika, na kwa hiyo kila mmoja anamwombea mama maisha marefu kwa ikhlasi ya kweli. Nilijaribu kuwasaidia kwa kuwaeleza kwamba kwa sharia yetu hisa ya ndugu wa kiume ni sawa na hisa za dada wawili. Na mabinti, ambao hawakupata kuafikiana juu ya doa la kadi, waliafikiana papo hapo kwamba kadhi asisumbuliwe.

Sukari na malai hupikwa hata nyuzi 260 hivi, zikamwagwa juu ya marumaru baridi iliyopakwa siagi, na mara tu ziwezapo kushikwa, hushikwa, nako ni mapema sana kuliko apendavyo mtu mwenye ngozi. Kisha huvutwa, hukunjwa, huvutwa tena, na kwa kila mkunjo hewa huingia ndani, na rangi ya manjano ikaondoka kidogo kidogo hata ikabaki nyeupe yenye kung’aa kwa mistari ya hariri. Hapo hukatwa kwa mkasi, hufunikwa, na ikilala usiku kucha, ile iliyokuwa ikishindana na meno jana huamka imelegea, ikayeyuka ulimini yenyewe. Mtu wa Mombasa hawezi kuitazama asitambue kwamba ni nduguye gubiti, baba mmoja mama mbalimbali. Mimi niliingizwa katika kazi hii kwa ulimi wangu, maana jioni moja niliwasimulia halua yetu, kwamba ni wanga na sukari na samli, iliki na zafarani, na kwamba Lamu na Unguja hata Maskati wanaume ndio waisongao, kwa mwiko mrefu, katika sufuria kubwa, kwa muda usioulizwa. Mimi nilikuwa nikisimulia utamaduni. Wao wakasikia kwamba juu ya dari lao amelala mwanamume mwenye mikono ya urithi.

Bi Mkubwa aliniambia kwamba katika karne ya 19 vijana wa nchi hii walikuwa wakialikana usiku kuvuta peremende ya asali ya miwa, mvulana akashika upande mmoja na msichana upande wa pili, mikono yao imepakwa siagi, na kwamba ndoa nyingi zilianzia katika kamba hiyo. Akiisha kusema hivyo alimtazama mjukuu wake wa kike, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya kupitisha wakati kama nyumbani ninaye mchumba. Nikasema Shangazi yangu analishughulikia jambo hilo. Tafadhali lishughulikie.

Mambo mengine ya ajabu nitayapita kwa haraka usije ukadhani natunga. Hutwaa kiazi kimoja cha kuchemsha wakakiponda wakatia sukari ya unga, na kiazi hicho, badala ya kukaza, hugeuka uji. Wao hawashtuki, huongeza sukari juu ya sukari hata uji ukarudi kuwa donge, wakalisukuma, wakalipaka siagi ya karanga, wakalikunja mkeka na kulikata vipande. Na ukiuliza kwa nini kiazi, huambiwa kwamba wakati wa ule mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 kiazi ndicho kilichokuwapo. Na katika jimbo jirani la Ohio hufanya vidonge vya siagi ya karanga vikachovywa katika chokoleti, vikaachwa utosi wazi ili vifanane na kokwa la mbakai, ambao ni mti wa jimbo lao. Na kadi za zamani huagiza chokoleti hiyo itiwe kipande cha nta ya mafuta ya taa, ya jamii ya ile ya mishumaa, ili ing’ae. Wameila nta hiyo vizazi kwa vizazi, na wanang’aa.

Najua swali lako lijalo, na nalijibu kabla hujalitia udhu. Jimbo hili ndilo kitovu cha wiski iitwayo bourbon, na haikuwezekana wiski hiyo isiingie katika peremende. Walimu wawili wa Frankfort, mji mkuu wa hapa, Rebecca Gooch na Ruth Hanly, waliacha ualimu mwaka 1919 wakafungua biashara ya chokoleti, na mahali walipoanzia palikuwa ni baa ya hoteli iliyokosa kazi kwa marufuku ya pombe. Na huyo Ruth, ambaye kwa ndoa alikuwa Ruth Booe, ndiye aliyekamilisha mwaka 1938 ile peremende yenye bourbon ambayo leo haikosekani katika mkebe wowote wa Krismasi. Njugu za pekani hulowekwa ndani ya wiski, zikafinyangwa na sukari na siagi, zikavikwa chokoleti. Moto haupiti hapo, kwa hiyo hoja ya kwamba kilevi hupaa na mvuke haina pa kusimama. Bi Mkubwa, ambaye hakosi kanisani Jumapili na hajapata kunywa pombe maishani mwake, anasema kwamba wiski iliyo ndani ya chokoleti si kinywaji, kwa kuwa hutafunwa. Fatwa hiyo niliisikiliza kwa heshima nisiifuate.

Nikaepushwa kadhalika na moheska, tunu ya mji huu wa Louisville, ambayo Anton Busath aliivumbua katika miaka ya 1880 kwa kuivika mashimalo karameli, akaiita kwa jina la mwigizaji wa Kipolandi Helena Modjeska aliyekuja kuigiza hapa. Maana mashimalo ya kipande hushikwa na jelatini, na jelatini ya huku aghalabu asili yake ni mnyama usiyependa nimtaje katika waraka unaosomwa sebuleni. Bi Mkubwa alipoyajua haya hakuuliza zaidi. Alileta mkebe mpya, akaufunga utepe wa kijani, akawatangazia watoto wake kwamba mkono uliogusa wiski usiuguse mkebe ule kabla haujanawa. Na binti mkubwa, kwa tabia yake, akaubandika orodha ya vilivyomo.

Nimekuja sasa kwenye siri, na hapa, Shangazi, utawapenda watu hawa. Mwanamke mmoja wa kanisani alimwomba Bi Mkubwa upishi wa peremende ya malai, naye akauandika mbele yangu kwa mwandiko mzuri, kadi safi, kila kitu kwa mpango, ila kimoja. Mwenye kadi alipoondoka na shukrani nyingi, nikathubutu kusema kwamba nimeona pengo. Akanijibu kwa ile sauti yake laini: “Aliomba upishi, akapewa. Hakuomba ufanane na wangu.” Nikadhani huo ni ujanja wake peke yake, hata usiku wa mkesha walipokusanyika wote kuonja. Faji ilionjwa, diviniti ikaonjwa, malai yakaonjwa. Watu wa kipimajoto na watu wa maji baridi na yule mtu wa bidaa wakatafuna kwa kimya kimoja, wakatikisa vichwa, wakasema neno ambalo naambiwa husemwa kila mwaka: nzuri, lakini si kama yake. Hapo ndipo nilipofahamu hila ya mamlaka ile isiyopingwa. Marehemu aliwaachia sheria yote iliyoandikwa, akaondoka na kifungu kimoja; na kwa ajili ya kifungu hicho wajukuu wa wajukuu watawasha moto kila Disemba, wakigombana juu ya doa, na hakuna hata mmoja atakayethubutu kusema kwamba yeye sasa ameweza, akamstaafisha bibi.

Baada ya kuonja huja ugawaji. Peremende hupangwa katika mikebe yenye picha za theluji, karatasi ya nta kati ya safu na safu, ikapelekwa kwa majirani, kwa mpeleka barua na kwa wagonjwa. Mkebe mmoja ulikwenda kwa mama mmoja wa Bukavu, maana Wakongo wa mashariki wamejaa tele katika mji huu, na Kiswahili chao cha kule ziwani ndicho kinifutiacho upweke sokoni. Mama yule, ambaye kama sisi hajui namna ya kurudisha chombo kitupu, aliurudisha umejaa maandazi. Bi Mkubwa hakupata kuona mkebe ukirudi. Akafikiri sana, akaona haifai kukaa na deni, akaujaza faji akaupeleka. Ukarudi na sambusa. Mwezi wa Februari umeingia, sukari imekwisha mara mbili, na wale wanawake wawili, wasioelewana lugha, wangali wakishindana kwa ukarimu bila mmoja wao kukubali kushindwa. Binti mkubwa aliniuliza kama iko kaida ya kumaliza jambo hili. Nikamwambia kwetu humalizwa na mauti, na hata hapo warithi huendelea.

Mwisho, Shangazi, nina haja kwako. Bi Mkubwa amesikia sifa za kashata zako za nazi, naye amenipa kadi tupu, inchi 3 kwa 5, itakayoingia katika mkebe ule pamoja na za mamaye na za nyanya yake, heshima ambayo mkwe wake ameingoja tangu siku ya harusi asiipate. Nakusihi usiandike “sukari kiasi,” wala “nazi ya kutosha,” wala “ukiona zinaita, epua,” ijapokuwa hayo ndiyo yote niliyopata kukusikia ukisema. Pima kwa kikombe, mara hii moja, kwa ajili yangu. Na kwa kuwa nimelelewa jikoni kwako, najua kwamba utaacha kitu kimoja. Kiache, ni haki yako, wala usinitajie ni kipi, nisije nikakisema. Atazipika kama ulivyoandika, atadondosha tone katika maji baridi, atafumba macho, na atafahamu mara moja kwamba amepata mwenziwe.

Wasalimu wote, na unibusie wadogo. Wakatabahu mwanao, akuombeaye umri mrefu na meno mazima.